NENO «NA» PEKE YAKE HALITOSHI



Katika bweni bado watu wanasema kwamba Injili ya Marko ya karne ya kwanza imekwisha kupatikana. Sisi makapita hatupendi habari hiyo iendelee kutembea hivyo, hata kama ni tamu kwa masikio ya Mukristo.

Ilitangazwa Marekani mwaka 2012. Lakini kipande chenyewe kilipochapishwa mwaka 2018, kilionekana kuwa Marko 1 kweli, na mwandiko wake ni wa mwisho wa karne ya pili ao mwanzo wa karne ya tatu. Ni cha zamani sana! Juu ya nini kukiongezea miaka?

Kilitoka Oxyrhynchus, kule Misri, ambako makaratasi ya mafunjo yalidumu ndani ya takataka juu ya ukavu wa mchanga. (Hapa Kisangani mvua na mchwa wangekwisha kuyamaliza.) Mwenye kutambua kipande kama hicho anaandika herufi anazoziona tu, anahesabu ngapi zinaingia kwa mustari, kiisha anatafuta andiko linaloweza kujaza mapengo. Hapo ndipo kishawishi kiko.

Mwaka 1972 padri José O'Callaghan alisema kipande cha Qumran kinachoitwa 7Q5 ni Marko 6:52-53. Kina herufi karibu 20, na neno zima moja tu: kai, maana yake «na». Tafuteni basi ukurasa wa Biblia usio na «na»! Tena, ili Marko aingie, ilipasa kusema kwamba mwandishi alibadilisha herufi moja na kuruka maneno matatu. Wataalamu wengi walikataa, na sisi tunaona walikuwa na haki.

Colin Roberts je? Mwaka 1935 alichapisha kipande kilichonunuliwa Misri mwaka 1920, karibu sentimeta 9 kwa 6. Mbele ni Yoane 18:31-33, nyuma ni 37-38. Pande mbili zinapatana. Huo ni ushuhuda.

Wengine wanatuambia eti tunapunguza imani ya wadogo. Hapana. Uvumi ukianguka, wenye kucheka hawamuchekee yule aliyeuleta, wanachekea Injili yenyewe.

Siku ya posho tutabandika kwa ubao kipande cha ukurasa uliopasuka wa Biblia ya kikundi cha maombi, herufi chache mbele, chache nyuma. Mwenye kujua kitabu, sura na mustari alete jibu kwa kapita mbele ya chakula cha mangaribi. Jibu la upande mmoja hatutalipokea.