London kwa Mara ya Pili: Watoto wa Suna Waonyeshwe Nini?

Si ajabu kuingia sebule ya mtu wa Suna, Migori, na kuona picha ya jamaa aliyesimama kwenye daraja la Westminster, koti limefungwa hadi shingoni, mgongoni kwake ile saa kubwa ya bunge. Huenda ni shangazi aliyeajiriwa hospitalini, hasa tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Huenda ni baba aliyekwenda kusoma akarudi na shahada. Sasa mwenye picha anajipanga kurudi London, na mara hii anataka kwenda na watoto. Ukimuuliza atawaonyesha nini, hujibu upesi: daraja, saa, jumba la mfalme, gurudumu kubwa la kando ya mto Thames, kisha madukani.

Orodha hiyo ni ya mtu mzima anayefika ugenini mara ya kwanza. Mtoto wa miaka tisa aliyekulia Oruba au karibu na soko la Migori ameshaiona saa hiyo kwenye televisheni mara nyingi, na akifikishwa mbele yake ataitazama kwa muda mfupi tu kisha aulize chakula kiko wapi. Afadhali mzazi aanzie kwa yale ambayo mtoto anayajua tayari. Mtoto wa Migori anaijua dhahabu, miwa, tumbaku, ziwa na mawe. London ina habari ndefu kuhusu kila kimoja, na sehemu kubwa ya habari hiyo husikilizwa bila kulipa hata senti.

Tuanze na dhahabu. Katikati ya mtaa wa mabenki, kwenye kichochoro kiitwacho Bartholomew Lane, kuna makumbusho ya Benki Kuu ya Uingereza. Hayana kiingilio. Humo ndani kuna sanduku gumu la kioo lenye tundu la kupitisha mkono, na ndani ya sanduku limelazwa tofali la dhahabu halisi lenye uzito wa kilo 13 hivi. Mgeni anaruhusiwa kuingiza mkono na kujaribu kulinyanyua. Watoto wa kila taifa hulifurahia sanduku hilo, lakini mtoto wa Nyatike analo jambo ambalo wenzake kwenye foleni hawana. Yeye ameona dhahabu ikipimwa kwa gramu kwenye mizani ndogo, mnunuzi na mchimbaji wakivutana juu ya chembe za vumbi zilizochukua siku nzima kutoka shimoni. Anaijua migodi ya Macalder, Osiri na Masara. Mwambie kwamba kwenye vyumba vya chini vya benki hiyo kuna matofali kama hilo yapatayo 400,000, naye atauliza swali ambalo watu wazima hulikwepa: yote yalichimbwa na nani?

Mzazi asilikimbie swali hilo. Hapo ndipo mahali pa kusimulia jinsi Wazungu walivyochimba Macalder wakati wa ukoloni, jinsi mgodi mkubwa ulivyofungwa katika miaka ya 1960, na jinsi wachimbaji wadogo walivyobaki na sururu, karai na zebaki. Ni mahali pa kutaja pia wanafunzi wanaoacha darasa na kwenda mashimoni. Somo hilo huingia akilini haraka zaidi mkono ukiwa bado unahisi ule uzito.

Sukari nayo ina jengo lake. Kwenye gati za zamani za mashariki ya jiji, karibu na minara ya Canary Wharf, lipo London Museum Docklands. Jengo lenyewe lilikuwa ghala lililojengwa mwaka 1802 ili kuhifadhi shehena kutoka visiwa vya Karibi, sukari ikiwa mbele, na sukari hiyo ilizalishwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Tangu 2007 kuna ukumbi mzima unaosimulia biashara hiyo bila kupakapaka mafuta. Nje ya jengo ilisimama sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyemiliki watumwa. Iliondolewa Juni 2020, wakati wa maandamano ya kudai haki za watu weusi. Mtoto aliyezoea kuona matrekta ya miwa yakielekea kiwanda cha Sony kule Awendo, na aliyewahi kumsikia babu akilalamika kwamba malipo ya mkulima yamechelewa, haoni ugumu kuelewa kwamba sukari ina utamu kwa wengine na jasho kwa wengine. Wadogo zaidi, wasioweza kusoma maandishi ya ukutani, wana chumba chao cha kuchezea humo humo.

Tumbaku haihitaji siku yake. Basi namba 15 likitoka upande wa Tower kuelekea Trafalgar Square hupita Aldwych, na hatua chache kutoka hapo, kwenye Temple Place kando ya mto, kuna Globe House, makao makuu ya kampuni ya British American Tobacco. Ni ofisi, haina cha kutalii. Hata hivyo, familia za Suna na Kuria zilizolima tumbaku kwa miaka, zikakata miti ya kuni za kuikausha mpaka vilima vikabaki wazi, zina haki ya kulionyesha jengo hilo kwa kidole.

Mahali pa kukaa kutwa nzima ni makumbusho ya viumbe na maumbile ya South Kensington, Natural History Museum. Yalifunguliwa mwaka 1881, hayana kiingilio, na tangu 2017 mifupa ya nyangumi wa buluu mwenye urefu wa zaidi ya mita 25 inaning'inia darini kwenye ukumbi mkuu. Watoto huinua vichwa na kunyamaza, jambo ambalo peke yake linatosha kumshawishi mzazi yeyote. Hata hivyo, aliyetoka kandokando ya Ghuba ya Winam ana hadithi nyingine ya kusimulia chini ya nyangumi huyo.

Mwaka 1932 msafara wa Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, ulikuwa ukichimba Kanam, chini ya mlima Homa. Mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, akapata kipande cha taya la binadamu. Leakey alitangaza kwamba taya hilo ni la kale mno, nalo likapelekwa London, ambako limehifadhiwa katika makumbusho haya. Wataalamu wakatilia shaka. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alisafiri hadi Nyanza ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha kwa uhakika: mvua ilikuwa imebadilisha ardhi, na vile vigingi vya chuma alivyopigilia kuweka alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji wavuvi, walioona chuma kizuri kinachofaa kutengenezea zana zao. Boswell akarudi Uingereza na kuandika ukosoaji mkali, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka.

Watoto hucheka wakifika kwenye vigingi. Wanawaelewa wale wavuvi kabisa, maana nani angeacha chuma kioze bure porini? Wakimaliza kucheka waelezwe kwamba ardhi ile haikuishiwa. Mwaka 1948 Mary Leakey, mke wa Louis, alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, nyani asiye na mkia aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita, akalipandisha ndege hadi Uingereza, na waandishi wa habari wakamlaki kana kwamba amekuja na malkia. Fuvu lilikaa London miongo kadhaa, kisha likarejeshwa Kenya katika miaka ya 1980. Na Februari 2023 watafiti walitangaza zana za mawe kutoka Nyayanga, kwenye rasi hiyo hiyo ya Homa, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwakatwa. Mtoto wa Homa Bay anayepita kwenye ukumbi wa chimbuko la binadamu huku akidhani anatazama mambo ya Wazungu amenyimwa kilicho chake.

Siku ya jumba la mfalme haiepukiki. Watoto watalia wasipoona askari wenye kofia za manyoya. Basi waende, lakini kabla ya kuondoka wageuke wazitafute kuta za Lancaster House, jumba lililo kando ya barabara ya The Mall, karibu na bustani ya Green Park. Wakenya wengi hupita hapo wakikimbilia picha bila kujua kwamba mikutano ya katiba ya Kenya ya mwaka 1960, 1962 na 1963 ilifanyika ndani yake. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alikuwamo katika ule wa kwanza. Watalii hawaingii, na si lazima. Dakika tano za hadithi kando ya ukuta zinatosha, kisha watoto wavushwe hadi bustani ya St James's Park wakawaone mwari. Ndege hao wamefugwa kwenye ziwa la bustani hiyo tangu 1664, balozi wa Urusi alipomzawadia mfalme, na alasiri hulishwa samaki mbele ya watu. Mtoto aliyewazoea mwari wa Ziwa Victoria, ambao hujitafutia wenyewe, atakuwa na maoni yake kuhusu ndege wanaoletewa chakula kwa ndoo.

Kuhusu usafiri, wazazi wengi huharibu pesa bila sababu. Watoto walio chini ya miaka 11 hupanda mabasi ya London bure, na kwenye treni za chini ya ardhi mtu mzima mwenye nauli huruhusiwa kuingia na hadi wanne wa umri huo bila malipo. Wenye miaka 11 hadi 15 hupata punguzo la wageni kwa siku 14, mradi mzazi amwombe mfanyakazi wa kituo aliweke kwenye kadi yao ya nauli, Oyster. Pesa taslimu hazipokelewi ndani ya basi tangu 2014. Hakuna kondakta wa kumkabidhi noti na kudai chenji. Ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, inashinda magari mengi ya kitalii yanayotoza pauni kwa kichwa, na pauni moja inazidi shilingi 150.

Kinachowachosha watoto kuliko miguu ni mwanga. Migori jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. London, mwanzoni mwa Agosti, bado kuna mwanga saa mbili na nusu usiku, na mtoto hakubali kwamba wakati wa kulala umefika. Desemba kiza huingia kabla ya saa kumi alasiri. Likizo ya Agosti kwa hiyo ndiyo bora, lakini kwa sharti moja: makumbusho moja asubuhi, bustani alasiri, basi. Mzazi anayepanga vituo vinne kwa siku ataishia kubeba mtoto mabegani na mwingine akiburuta viatu nyuma. Na kwa kuwa yale makumbusho ya Benki Kuu hufungwa Jumamosi na Jumapili, wikendi ibaki kwa ndugu, kwa ugali, na kwa soko la Ridley Road huko Dalston, ambako vyakula vya Afrika na Karibi hupangwa barabarani, na wauzaji huita wateja kwa sauti ambayo mtoto wa Migori ataitambua.

Tower of London tumeiruka kwa makusudi. Ni ngome nzuri iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1070, ina kunguru maarufu na mataji ya wafalme, na kiingilio chake kinauma. Familia inaweza kuitazama kutoka nje. Ila inastaajabisha kwamba wapo watoto wa Suna wanaoweza kuitaja ngome hiyo na hawajawahi kukanyaga Thimlich Ohinga, iliyo umbali wa kilomita 46 hivi kutoka mjini Migori. Kuta zake zimepangwa kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo, na yamkini zilijengwa katika karne ya 16. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, orodha ile ile iliyo na Tower of London. Mtoto aliyepita kwenye milango ya Thimlich akainama kama wageni wa zamani walivyolazimika kuinama, ataitazama ngome ya Thames kwa jicho la mtu anayelinganisha.

Nafasi ya kwenda Thimlich ipo, tena imo ndani ya ratiba ya visa yenyewe. Kila mtoto hujaziwa fomu yake na kulipiwa ada yake, na akisafiri na mzazi mmoja ni vyema kubeba barua ya idhini ya mwingine pamoja na cheti cha kuzaliwa. Maombi hupokelewa miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo anayelenga Agosti aanze Mei, muhula wa pili ukiwa umefunguliwa. Watoto watalazimika kufika Nairobi kupigwa picha, na waliotimiza miaka mitano watachukuliwa alama za vidole. Jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu hivi, na katika wiki hizo hakuna cha kufanya ila kungoja. Jumamosi mojawapo iwe ya Thimlich.