Kazi ya Mungu haina makosa?



Kila matanga hapa Ruiru, kuna sentensi utaisikia kabla chai haijapoa: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mwenye maikrofoni ataisema, chifu ataisema, na sisi wachungaji ndio tunaisema kwa sauti kubwa zaidi. Leo nakuomba uipime kabla ya kuitumia tena.

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la orofa lilianguka Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu zaidi ya 50 walikufa. Jengo hilo lilikuwa limeshawekwa alama libomolewe, na bado wapangaji walikuwa ndani. Niambie, hiyo ilikuwa kazi ya nani? Mungu ndiye aliyepangisha vyumba vile? Tukisema haina makosa, tumemnawisha mikono mwenye jengo na kumtwika Mungu wetu maiti.

Wazee wetu walikuwa na swali tofauti. John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy, kwamba kwa fikira za kimila msiba hauji hivi hivi. Lazima kuna aliyeuleta, awe mchawi, roho au laana. Swali hilo limefukuza wajane bomani bila hatia, na siwezi kulitetea. Lakini angalau wazee walijua uovu una mikono. Sisi tumeacha hata kuuliza.

Biblia inazijua nyumba zinazoanguka. Katika Ayubu 1:19 upepo unaipiga nyumba, na watoto wake wanafia ndani. Katika Luka 13:4 mnara wa Siloamu unaua watu 18, na Yesu anakataa kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Wala hasemi ni Baba yake aliyeuangusha. Anawageukia walio hai na kuwaambia watubu.

Utaniuliza, "Lakini pasta, si Ayubu mwenyewe alisema Mungu ndiye hutoa na ndiye hutwaa?" Alisema. Alisema kwa kinywa chake, juu ya watoto wake, vazi lake likiwa limeraruka. Hakuna jirani aliyekwenda kumsomea. Tena sura ya 3 analaani siku aliyozaliwa, na mwishoni (42:7) Mungu anasema Ayubu ndiye aliyenena sawa, si wale marafiki waliojifanya mawakili wa Mungu.

Na kwa nini Mungu mwenye uwezo hakuishika ile nguzo? Ayubu aliuliza hivyo sura baada ya sura. Mungu alikuja mwenyewe, lakini sababu hakumpa. Mchungaji anayekupa sababu ambayo Ayubu hakupewa, mwogope.

Hapa Kamakis siku hizi tunahesabu baraka kwa orofa (na kwa kilo za nyama choma). Ndugu yangu mwenye ploti, wewe unayemwambia fundi apunguze simiti na nondo, usituletee sadaka ya shukrani kwa mjengo huo. Rudi kwanza kwa fundi.

Kama una matanga wiki hii, beba sukari na unga, ukae na wafiwa. Hotuba si lazima.

Jumatano saa kumi na mbili jioni tunasoma Ayubu 3. Njoo hata kama umemkasirikia Mungu.