Sefu ya Msikiti: Iuzwe au Ibaki?

Katika chumba cha nyuma cha msikiti wetu, hapa Tabora, imo sefu ya kale yenye kibati cha shaba kilichoandikwa Milner, Liverpool. Ufunguo ulikwishapotea, na kwa miaka mingi tumekuwa tukirundika majamvi juu yake. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, nayo kamati ikagawanyika. Vijana walitaka iuzwe, yatengenezwe mabomba ya kutawadhia. Wazee walisema ni turathi iliyokuja na misafara kutoka Bagamoyo.

Wazee wetu watuwie radhi. Mpagazi wa njia ile alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, na sefu hii wanaume wanane hawakuiinua. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Hatuoni chombo kingine cha kuileta ila garimoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kama ule wetu wa mbele, lakini sefu haikuitaja. Kwa hiyo hoja ya ukale tuliiweka kando.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi: je, ni mali iliyonunuliwa na msikiti, au ni wakfu? Iliyonunuliwa, kamati yaweza kuiuza kwa maslahi ya msikiti. Ya wakfu haiuzwi. Imamu Nawawi, katika Minhaj, ameruhusu kuuzwa majamvi ya msikiti yaliyochakaa hata yasifae ila kuchomwa moto. Sefu ambayo bawaba zake zingali nzima haijafika huko.

Tukamwita fundi wa kufuli. Alitoboa kwa siku mbili, akimwaga unga wa mbao uliochanganyika na shabu, ambao watengenezaji waliujaza kutani ili kuzuia moto. (Vijana, tusifiche, walikuwa wakitarajia zile sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizofuliwa na Wajerumani papa hapa Tabora mwaka 1916.)

Hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na daftari la hati za Kiarabu. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba sefu imewekwa wakfu na mama mmoja, ihifadhi amana za Waislamu. Zinafuata orodha za amana. Zilizorejeshwa zimepigwa mstari. Nne hazikupigwa. Kati ya hizo, moja ingalimo: bangili mbili za fedha ndani ya kitambaa, za mwanamke aliyesafiri kwenda Ujiji.

Mnunuzi tumemrudisha na mizani yake. Mabomba tutayachangia Ijumaa. Mwenye wazee waliowahi kuweka amana msikitini kwetu afike ofisini baada ya Alasiri. Majina hatuyachapi, atayataja mwenyewe.