Kinubi Hakipigwi kwa Nembo

Eti kinubi cha Kikelti kiko salama kwa kuwa Ayalandi wamekichora kwenye sarafu na pasipoti, na Guinness ikakisajili kuwa nembo ya bia tangu 1876? Danganya toto, jamani!

Kumbukeni Belfast, Julai 1792. Wapiga vinubi waliitwa kushindania zawadi, wakajitokeza 11 tu, kadhaa wao vipofu. Mmoja peke yake, mzee Denis Hempson, aliyepita miaka 90, ndiye aliyekuwa bado anapiga nyuzi za shaba kwa kucha ndefu, mtindo wa wazee. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akaziandika nyimbo zao. Ahsante yake! Bila yeye nyingi zingezikwa. Lakini kitabu chake cha 1796 kilizipanga kwa piano. Hempson akafa 1807. Nyimbo zikabaki, vidole vikaenda.

Mwaka 2019 UNESCO iliorodhesha upigaji wenyewe, si mbao na nyuzi. Hapo sawa! Nasi wenye kalamu, tusijigambe kwamba tukishaandika tumehifadhi. Karatasi haina kucha, bwana. Urithi usio na mwanafunzi ni maiti iliyovishwa vizuri.