Majina Juu ya Miamba ya Kolo

Tangu chama chetu cha Historia kirudi Kolo, wilaya ya Kondoa, ubishi haujaisha bwenini. Karibu na watu wembamba waliochorwa mwambani kwa rangi nyekundu, tulikuta majina ya wageni yameandikwa kwa mkaa, mengine yamekwaruzwa kwa jiwe. Baadhi ya wenzangu wasema hapana kosa.

Hoja yao si ya kipuuzi. Huko Pompeii, Italia, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, wataalamu husoma kwa furaha maneno yaliyokwaruzwa na watu wa kawaida ukutani, hata juu ya kuta zenye picha nzuri. Pwani yetu nayo, katika magofu ya Songo Mnara na Gedi, mna vyombo vya bahari vilivyochorwa kwa ncha kali katika lipu. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, Wareno walichora merikebu kwa mkaa na rangi nyekundu. Leo twaitunza michoro hiyo. Basi, wauliza, mbona jina la mwanafunzi wa leo lisiwe historia ya kesho?

Mimi nakataa. Wale wa Pompeii waliandika katika mji wao wenyewe, ungali na watu. Mabaharia nao walituachia habari: mlingoti ulivyosimama, tanga lilivyokaa. Jina la mgeni pale Kolo latuambia nini, isipokuwa kwamba alikuwa na kipande cha mkaa? Tena mkaa ule huwezi kuusugua bila kuondoa rangi iliyo chini yake. Mary Leakey alinakili michoro mingi ya huko mwaka 1951, lakini nakala si mwamba. Nao mwamba wenyewe haujafa: wako wazee ambao hata leo huenda Mungomi wa Kolo kwa matambiko ya mvua. Je, nani kati yetu angeandika jina lake katika mimbari ya kanisa au kibla cha msikiti?

Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na UNESCO iliiweka michoro hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini karatasi hazilindi pango lisilo na mlinzi. Yafaa safari ijayo chaki, kalamu na visu vibaki ndani ya basi.

Na kwa wenye hamu ya kuandika, ukuta wa nyuma ya bwalo letu, ule unaotazama Mlima Meru, hauna mchoro wa mtu. Namwomba Mwalimu Mkuu atuachie upande mmoja, sisi kidato cha nne, kabla ya mtihani wa Novemba. Chokaa tutanunua wenyewe.