Pete, Mwili na Saa Yetu

Kutoka Kampala hadi Lubumbashi twaambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni, na kwamba aljebra ya uzamili haina budi kufundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Twayakataa maneno hayo.

Na tuulize: istilahi za aljebra zilitoka wapi? Mwaka 1871 Dedekind, Mjerumani, alitafuta jina la mkusanyo wa namba ambazo ukizijumlisha, ukizitoa, ukizizidisha au ukizigawanya (ila kwa sifuri), jibu halitoki nje ya mkusanyo huo. Akauita "mwili", kwa neno la nyumbani kwao. Wafaransa wakamfuata, Waingereza wakasema "uwanja". Mwaka 1897 Hilbert naye akateua neno "pete" kwa mkusanyo ambamo si lazima kugawanya kuwezekane. Yote hayo ni maneno ya watu wa kawaida.

Sisi tunayo saa yetu. Saa 10 ukiongeza 5 ni saa 3. Ukiongeza 12 wabaki palepale, basi 12 ndiyo sifuri yake. Zidisha 3 kwa 4, warudi kwenye sifuri hiyo, ingawa si 3 wala 4 iliyo sifuri. Kwa hiyo saa ni pete, lakini si mwili. Mwanafunzi aliyekariri fasili ya kigeni pasipo kuielewa, hapo ataelewa.

Vitabu vya kigeni na visomwe, hatuvikatai. Lakini, walimu wenzetu, tukingoja lugha ikomae kabla ya kuitumia, tutangoja milele. Mtoto hujifunza kutembea kwa kutembea.