Dhiki peke yake haimkomazi mtu

Kiangazi kikishika Ukambani, mimbarini na redioni husikika mawaidha yale yale: baada ya dhiki ni faraja, na Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Mawaidha hayo hutolewa kwa nia njema, lakini yanaipa dhiki sifa isiyoistahili. Kama shida ingetosha kumkomaza mtu, wakazi wa Matuu na Yatta nzima wangekuwa wamekomaa kiroho zamani, maana njaa za eneo hili ni nyingi hata zikapewa majina. Ile ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Ukweli ni kwamba njaa ile ile humfanya mmoja awe mkarimu na mwingine awe mchoyo. Kinachomkuza mtu ni namna anavyoikabili, na huko kuikabili huzaa matunda zaidi watu wanaposhikana mikono.

Ushahidi uko hapa hapa Yatta. Mwaka wa 2009, ukame ulipokuwa umewabana watu, Askofu Titus Masika wa Christian Impact Mission alianzisha kampeni aliyoiita Operation Mwolyo Out, mwolyo ikiwa ni chakula cha msaada. Mvua haikuongezeka kwa sababu ya mahubiri. Kilichobadilika ni fikra, kisha mikono ikafuata. Watu walijiunga kwa makundi wakachimba mabwawa ya kuvuna maji boma kwa boma, leo kwako, kesho kwangu. Shambani walichimba mashimo ya zai, ya futi kama mbili kwenda chini, wakarudishia udongo wa juu uliochanganywa na samadi, kisha wakapanda mbegu kadhaa za mahindi katika kila shimo. Hata mvua ikinyesha mara chache, maji hutuama humo badala ya kuteremka na udongo hadi mtoni. Mtu anayetoa jasho kwenye bwawa la jirani wakati lake halijachimbwa anajizoeza imani, subira na uaminifu kwa vitendo. Wala si jambo geni: Wakamba wamekuwa na mwethya, kazi ya ushirika, tangu enzi za mababu.

Wataalamu wa saikolojia nao wamefika karibu na hapo. Katika miaka ya 1990, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Marekani waliandika kuhusu watu wanaotoka kwenye majanga wakiwa na uhusiano wa karibu zaidi na wenzao na imani yenye kina zaidi. Walisisitiza kwamba mabadiliko hayo hayaletwi na janga lenyewe, bali na juhudi ya mtu kupambana na yaliyomfika na kuyatafutia maana. Wapo wengi ambao janga huwaachia majeraha tu, na hao si wadhaifu wa imani.

Mtu anaweza kuuliza kama hoja hii haiwasifu maskini kwa umaskini wao na kuipa serikali mwanya wa kukwepa wajibu. Swali hilo ni zito, na jibu lake linapita karibu na mji wa Matuu. Mfereji wa Yatta, wenye urefu wa kama kilomita 60 kutoka Mto Thika, ulichimbwa katika miaka ya 1950 na wafungwa wa vita vya Mau Mau chini ya serikali ya kikoloni. Hakuna mwenye haki ya kudai kwamba sulubu ile ilikuwa neema kwa roho zao. Ilikuwa dhuluma, na dhuluma huitwa kwa jina lake. Hata hivyo, maji ya mfereji huo ndiyo yanayostawisha nyanya na mboga za wakulima wa leo, ishara kwamba bidii ya mtu huhitaji maji, barabara na soko. Kuwahimiza watu wajitegemee huku mfereji ukiachwa ujae tope ni kuwakejeli.

Wengine watauliza habari za mkongwe, mgonjwa au mjane mwenye watoto wachanga, ambao hawawezi kushika jembe. Hao wapewe chakula bila masimango. Lakini hata mana ya jangwani ilikoma Waisraeli walipoanza kula mazao ya Kanaani. Msaada unaookoa maisha ni wema. Msaada unaorudi kila msimu bila kuacha hata bwawa moja humzoesha mtu mzima kungoja lori. Na anayesema kungoja huko ndiyo subira akumbuke kwamba subira ni ya mkulima aliyekwisha kupanda.

Kwa hiyo viongozi wa dini wasiishie kuwafariji watu wakati wa kiangazi. Wawaulize waumini: bwawa la nani limechimbwa mwaka huu, na nani hajafikiwa na mwethya? Serikali ya kaunti nayo iulizwe mfereji ulizibuliwa lini, na kama maji yanamfikia mkulima wa mwisho. Jamii inayouliza maswali hayo kabla ya mvua kukatika haihitaji kuisifu dhiki ndipo ikue.